Tumbo halitangazwi: jibu kwa bibi mtarajiwa wa Tanga

Swali: Habari za kazi. Binti yangu wa kwanza ana mimba ya miezi mitano, anaishi Dar na mumewe. Habari ya mimba yenyewe niliipata kwa wifi yangu, naye aliiona kwenye status. Nikanyamaza. Sasa ananiambia mwezi ujao wanafanya hiyo wanayoiita gender reveal, sherehe ya kutangaza jinsia ya mtoto aliye tumboni. Kuna ukumbi, kuna mpambaji, kuna sare, na mimi natakiwa kuchagua nivae waridi au buluu kulingana na ninavyohisi ni mtoto gani. Sisi tumelelewa kwamba tumbo halitangazwi, mtoto anaonyeshwa watu akishatolewa arobaini. Nikimwambia, ananijibu, "Mama, siku hizi kila mtu anafanya." Naomba unieleze hiki kitu kimetoka wapi, kimeingiaje kwangu bila hodi, na je, nikatae? – *Bibi mtarajiwa, Tanga*

Jibu: Shikamoo mama, na hongera. Naanza na hongera kwa sababu katika barua yako sikuona mtu aliyekupa.

Mila nyingi ukiuliza zilikotoka unaambiwa ni za tangu enzi za mababu, na mazungumzo yanaishia hapo. Hii ni tofauti kidogo, kwa kuwa mwaka wake unajulikana na aliyeianzisha yupo. Mwaka 2008 mwanamke wa Marekani anayeitwa Jenna Karvunidis, aliyekuwa akiandika blogu, alitengeneza keki yenye krimu ya waridi ndani, isiyoonekana kwa nje, akawaita ndugu na marafiki. Keki ilipokatwa wote wakajua kwa pamoja kwamba anatarajia mtoto wa kike. Akaisimulia sherehe yake kwenye blogu, jarida moja la wazazi likaichukua, ikaanza safari. Hakuna wazee waliokaa kikao, wala ukoo uliokubaliana.

Kisichosimuliwa sana ni kwa nini alifanya vile. Huyu mama mimba zilikuwa zimemharibikia huko nyuma. Mimba hii ya keki ilipofikia umri wa jinsia kuonekana kwenye altrasaundi, ilikuwa imekwenda mbali kuliko zote zilizotangulia, naye akaona kufika hapo tu kunastahili keki. Naomba usilipite hilo haraka. Huko kwenu mnanyamaza kwa sababu mimba inaweza isifike: kuna husuda, kuna jicho, kuna maradhi, kuna majaliwa ya Mungu. Yeye alishangilia kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo sherehe inayokukera haikuzaliwa na watu wasiojua kwamba mimba ni jambo la hofu. Ilizaliwa na mtu aliyelijua hilo vizuri sana.

Baadaye yakaja mashindano. Keki ikafuatiwa na puto, puto likafuatiwa na unga wa rangi, mwisho watu wakafika kwenye baruti. Aprili 2017 huko Arizona askari mmoja wa ulinzi wa mpaka, akiwa hayuko kazini, alipiga risasi shabaha yenye baruti na unga wa rangi ili ajulikane mtoto wake ni nani, na moto ulioanzia hapo ukala zaidi ya ekari 45,000. Septemba 2020 California kifaa cha kutoa moshi wa rangi kiliwasha nyasi kavu, na mzimamoto mmoja akafa akiuzima moto huo. Mwezi huohuo wanandoa wenye chaneli kubwa ya YouTube waliwashiwa taa za buluu jengo la Burj Khalifa huko Dubai, wakatangaza mbele ya mji mzima kwamba wanatarajia mtoto wa kiume. Karvunidis mwenyewe alikuwa ameshachoka. Mwaka 2019 aliandika hadharani kwamba ana mchanganyiko wa hisia juu ya alichokianzisha, na kwamba yule binti wa keki ya waridi amekua msichana anayependa kuvaa suti.

Hata rangi zenyewe si za jadi kama zinavyoonekana. Mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto huko Marekani liliwashauri wasomaji kwamba waridi ni ya wavulana, kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na buluu ni ya wasichana kwa upole wake. Biashara ikageuka baadaye, na sisi tukaipokea ikiwa imeshageuka.

Sasa, imeingiaje kwako. Hapa nitakaa kidogo, maana mambo ya mitandao ndiyo kazi yangu.

Juni 2020 kampuni ya TikTok ilieleza jinsi mtambo wake unavyochagua video za kumwekea mtu mbele. Jambo mojawapo lenye uzito ni kama mtazamaji ameitazama video mpaka mwisho. Wingi wa wafuasi wa aliyeiweka hauhesabiwi moja kwa moja. Maana yake ni kwamba kitu kifupi, chenye kungoja kidogo na mwisho unaoonekana kwa macho, kinaweza kutoka kwa mtu asiyejulikana na kuwafikia mamilioni. Itazame sherehe ya jinsia kwa jicho hilo, utaona imekatwa kwa vipimo vya simu kama gauni kwa fundi. Watu wamesimama nusu duara. Wanahesabu tano, nne, tatu. Puto linapasuka, rangi inamwagika, mayowe, baba anapiga magoti. Sekunde ishirini. Huhitaji kujua lugha yao, dini yao wala majina yao ili uelewe kilichotokea.

Kutohitaji lugha ndiko kunakovusha vitu mipaka. Kijana wetu Kili Paul, wa mkoa wa Pwani, alijulikana India nzima kwa kuchezesha midomo akifuatisha nyimbo za Kihindi akiwa na shuka lake la Kimasai, pamoja na dada yake Neema. Februari 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja kwenye hotuba yake ya redio ya kila mwezi. Wahindi hawakuhitaji tafsiri ya chochote, waliona tu. Kwa hiyo usidhani mlango huu ni wa kuingilia peke yake. Na sisi tunapita humo kwenda kwa wenzetu.

Ila si kila kitu chetu kinapita. Chukua kumsinga mwali, yaani kumsugua bibi harusi kwa manukato kabla ya ndoa. Inachukua saa nyingi, ndani ya chumba, wanawake peke yao, na kilicho muhimu ni maneno ya somo na harufu ya liwa. Kamera ikiingia, somo anafunga mdomo, na kilichotakiwa kusemwa hakisemwi. Uzuri wa shughuli ile umo katika kufungwa kwake. Basi binti wa miaka ishirini na tano anaweza kuwa ameona sherehe mia za jinsia kwenye simu yake na asiwe ameona kusinga hata kumoja, ilhali kusinga kunafanyika nyumba ya tatu kutoka kwao. Simu inabeba mila inayopigika picha na kuiacha isiyopigika. Nikiulizwa mtandao umefanya nini katika maisha yetu ya nyumbani, hilo ndilo jibu langu, na linanisumbua kuliko yale ya maadili tunayoyasikia kila siku. Hakuna aliyepigana na mila zenu. Hazikupata tu njia ya kupita.

Kuna mbebaji wa pili, na huyu watu hawamlaumu kwa sababu wanamlipa. Tunasema vijana wameharibiwa na mitandao, lakini ukifungua Instagram ya hapa Dar utakuta wanaosukuma mambo haya kwa bidii ni wapambaji, waoka keki, wapiga picha, wenye kumbi na washereheshaji. Kila kazi wanayomaliza wanaiweka kwenye ukurasa, chini wanaandika "bei njoo DM." Siwasemi vibaya, ni riziki. Lakini fikiria hesabu yao. Harusi zina msimu, Ramadhani hakuna, Kwaresma zinapungua, na watu wanaolewa mara moja au mbili. Mimba haina msimu. Mpambaji aliyekaa mwezi mzima bila kazi akipata shughuli ya jinsia ya mtoto, kisha bebi shawa, kisha arobaini yenye mapambo, amejaza pengo lake. Na Kariakoo unakuta vifaa vyote tayari, maputo makubwa meusi, vikopo vya unga, herufi za kubandika. Mteja wa kesho anaona picha za kazi ya leo, anasema na mimi nataka hivi. Katika duara hilo binti yako ni mteja tu kama wengine.

Ndiyo maana anaposema kila mtu anafanya, hadanganyi. Kwa alivyoona yeye ni kweli. Ukitazama video moja ya namna hiyo mpaka mwisho unaletewa nyingine kumi, na mwenzako aliyeamua kukaa kimya na tumbo lake hana video ya kukuletea. Anayefanya anahesabiwa, asiyefanya hahesabiki. Mwambie hilo kwa upole, mara moja, halafu usilirudie.

Tuje kwenye status, kwa sababu nahisi kidonda chako kipo hapo kuliko kwenye ukumbi.

WhatsApp walileta status za picha na video zinazofutika baada ya saa 24 mnamo Februari 2017. Kwetu ziliangukia mahali palipokuwa pameandaliwa zamani, maana watu wa pwani walishazoea kumwambia jirani jambo bila kumtazama usoni. Kanga ilifanya kazi hiyo. Unanunua ya maneno makali, unapita nayo mbele ya anayehusika, na akikuuliza unamwambia umependa rangi. Leo mtu anaweka maneno kwenye status, wote wanayaona, na mmoja tu ndiye anayejua yamemlenga. Kwa vijembe status imefaa kabisa.

Kwa habari njema ni hasara. Habari ya mimba huko kwetu ilikuwa na foleni yake: mume, mama, shangazi au mama mkwe, kisha dada, kisha wengine wanajionea wenyewe tumbo likitokeza. Foleni ile ndiyo iliyokuambia wewe ni nani kwa huyu mtoto. Status haina foleni. Anayeamka mapema akashika simu ndiye anayejua wa kwanza, na wifi yako nadhani huamka mapema. Sidhani binti yako alikusudia kukuruka. Alibonyeza mara moja akaona amewaambia wote, na katika hao wote na wewe umo. Kizazi chake kinahesabu hivyo. Lakini kuumia kwako ni halali, na ningekuwa wewe ningemwambia waziwazi, "Niliumia kusikia kwa wifi," badala ya kukasirikia maputo. Mkimaliza hilo, naona maputo yatakuwa madogo.

Umeuliza kama ukatae. Ushauri wangu ni usikatae, na sababu yangu ya kwanza ni kwamba hutashinda. Ukumbi watakuwa wameshauwekea nafasi. Sababu ya pili ni kwamba tumeshapokea mengi ya namna hii tukayafanya yetu. Kichen pati haikutoka kwa bibi zetu, ila leo ndani yake mna somo, mna ngoma, mna mafunzo, na mama anayeidharau ni nadra. Keki ya harusi ilikuja na Wazungu, tukaigeuza kuwa shughuli nzima ya kulishana, wazazi wanaitwa kwa zamu, huku wengine wakiweka ndafu kwenye meza na kumkata kwa adabu zilezile za keki. Kitu kigeni kinapoingia nyumbani, wenye nyumba wanaweza kukipangia pa kukaa. Hapo ndipo nguvu yako ilipo.

Na hii sherehe, kwa bahati, ina nafasi moja iliyo wazi kwa ajili yako. Ili ifanyike lazima awepo mtu mmoja anayejua. Wazazi wenyewe hawajui. Mpimaji anaandika jinsia kwenye karatasi, anaifunga ndani ya bahasha, na bahasha anapewa mtu wa kuaminika ambaye ndiye anayeenda kumwambia muoka keki aweke rangi gani. Mara nyingi mtu huyo huwa shoga yake binti. Muombe awe wewe. Kujua jambo la tumbo la mwanao na kukaa nalo bila kutikisika wiki nzima ni kazi ya mama wa Tanga, umeifundishwa tangu utotoni, na sijui shoga gani wa Dar atakayeiweza kama wewe. Kuna faida nyingine pia. Ukiwa mwenye bahasha hakuna atakayekulazimisha uvae waridi wala buluu, kwa sababu ukivaa utakuwa umeshasema.

La pili ni zito na ungependa lisingekuwepo. Kwenye video hizi, baadhi ya zinazosambaa sana ni zile ambazo rangi ya waridi inatoka na uso wa baba unaanguka. Watu wanacheka, wanaitumiana. Mtoto yule atakua, na ile video itakuwepo. India kumwambia mzazi jinsia ya mtoto aliye tumboni ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1994, kwa sababu mimba zilizoonekana kuwa za watoto wa kike zilikuwa zikitolewa. Kwetu hatujafika huko, lakini ukoo unaosubiri dume tunaufahamu, na waliomo humo watakuwepo ukumbini. Mkweo, yaani mumewe binti, ni mtu wa heshima kwako, usimwendee wewe. Shangazi mtu ndiye wa kumwambia kijana, kwamba siku ile itakayotoka yoyote anashangilia, na kama hana uhakika na uso wake asisimame mbele ya kamera.

Mengine nayapita haraka. Altrasaundi inaweza kukosea jinsia, kwa hiyo nguo za waridi zisinunuliwe gunia zima. Moshi na unga wa rangi ndani ya ukumbi uliofungwa mwenye mimba hauhitaji, wala mwenye pumu. Keki inatosha, ndiyo iliyoanza. Na kwa kuwa wewe ni mama, una haki ya kuuliza swali ambalo mpambaji hataliuliza: kliniki amekwenda mara ngapi? Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, na apime altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho kinatazama umri wa mimba, kama ni pacha, na kama kuna tatizo. Jinsia ni ya pembeni. Kama anakaribia miezi sita na hajapima, basi hiyo sherehe kwa mara ya kwanza imemfanyia jambo la maana, maana bila kipimo hakuna bahasha.

Lililobaki ni video yenyewe, na hapa ndipo ningekuomba ukaze. Sherehe iwepo, watu wale, wapige picha, lakini zisitoke nje ya ukumbi mpaka mtoto atolewe arobaini. Hapo utakuwa umelinda kile mlichokuwa mkikilinda siku zote. Mimba ikipata matatizo, Mungu aepushe, binti yako hatalazimika kujibu watu mia mbili wanaomuuliza mtoto yuko wapi. Na mtoto akija salama, video ya miezi minne iliyopita ikiwekwa pamoja na picha yake inapendeza zaidi. Hata kwa mahesabu ya mtandao hajapoteza kitu. Akitaka status, aingie kwenye mipangilio ya faragha achague watu wa kuiona. Kitufe kipo, wengi hawajawahi kukigusa.

Wageni utawaomba tu, wengine watasikia na wengine watajifanya hawakusikia. MC atangaze mwanzoni, na simu zikusanywe kwenye meza kama wafanyavyo baadhi ya watu kwenye harusi. Wa kuogopwa hasa ni mpiga picha na mpambaji, kwa sababu kwao video ile ni tangazo la biashara na wataiweka kwenye kurasa zao usiku uleule, wakiwa hawana nia mbaya yoyote. Binti awaandikie kwenye WhatsApp, kwa maandishi, kwamba hakuna picha itakayotoka kabla ya tarehe fulani, nao wajibu kwamba wamekubali. Ayafanye hayo kabla ya kulipa advansi. Akishalipa, hawana tena sababu ya kumsikiliza.